Kiingereza cha hospitali: kila kiungo kina majina matatu, acheni kukariri orodha

Mtulinga (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila baada ya siku chache anaingia mtu humu kuomba orodha ya viungo vya mwili kwa Kiingereza cha kitabibu. Wadau wema wanamwaga maneno kibao, figo ni kidney, wengu ni spleen, ini ni liver, mwombaji anashukuru, uzi unalala. Halafu jamaa anafungua kitabu cha anatomia anakuta "renal artery". Anageuza ukurasa anakuta "nephritis". Ile kidney aliyoikesha anaiona kwenye kichwa cha sura tu, basi. Hapo ndipo mtu anaanza kusema fani hii si ya kwake.

Akili yake haina shida yoyote. Shida ni ile orodha, kwa sababu inampa jina moja wakati kiungo kina majina matatu.

Kiingereza cha hospitali kimejengwa kwa lugha tatu zilizopandana. Jina ambalo mgonjwa analitaja mara nyingi ni la Kiingereza cha kawaida. Ukitaka kusema "cha figo", "cha pafu", "cha ngozi", mara nyingi unaingia kwenye Kilatini. Na ukifika kwenye ugonjwa, upasuaji au daktari bingwa, mara nyingi uko kwenye Kigiriki. Kwa hiyo figo mdomoni mwa mgonjwa ni kidney, mshipa unaoipelekea damu ni renal artery, ikivimba ni nephritis na bingwa wake ni nephrologist. Pafu ni lung, mshipa wake pulmonary, ugonjwa wake pneumonia. Ngozi ni skin, sindano ya chini ya ngozi ni subcutaneous, ngozi ikiwaka ni dermatitis. Ulimi ni tongue, kidonge cha kuweka chini yake ni sublingual, ukivimba ni glossitis. Ubongo ni brain, kisha cerebral, kisha encephalitis. Pua ni nose, kisha nasal, kisha rhinitis. Kibofu ni bladder, kisha vesical, kisha cystitis.

Ukishaona mpangilio huo, kila kiungo kipya unakiuliza maswali matatu: mgonjwa anakiitaje, kitabu kinasemaje "cha" hicho kiungo, na ugonjwa wake unaanzaje.

Wapo wakorofi. Moyo ni heart, halafu cardiac na cardiology, Kigiriki kimejichukulia nafasi zote mbili. Ini vilevile: hepatic, hepatitis. Na hapa kwenye moyo kuna mtego: "coronary" inafanana na neno la Kilatini la moyo, ila haikutoka huko. Imetoka kwenye neno la taji, kwa sababu ile mishipa inauzunguka moyo kama taji kichwani.

Karibuni tuchangie. Wenye uzoefu wa wodini naomba msipite kimya.

mgeni_wa_fani

Mkuu heshima kwako, lakini mbona umeniongezea mzigo? Nilikuwa nakariri neno moja kwa kila kiungo, sasa unaniambia matatu. Mimi nasoma huku nafanya kazi.

Mtulinga (mleta uzi)

@mgeni_wa_fani, mwanzoni mzigo unaonekana umeongezeka. Baadaye unapungua, kwa sababu maneno ya Kigiriki yanaunganishwa vipande vipande, na vipande vyenyewe havibadiliki sana. Ngoja tupasue neno moja polepole.

"Cholecystectomy". Ukiliangalia lote linatisha. Likate: "chole" ni nyongo. "Cyst" ni kifuko au kibofu. "Ectomy" ni kukata na kuondoa. Kifuko cha nyongo, kata, ondoa. Yaani ni upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo, na hujahitaji kamusi.

Sasa cheza na vipande hivyohivyo. Toa ectomy weka "itis", ambayo ni uvimbe wa kuwaka, uwe umeletwa na maambukizi, jeraha au mwili kujishambulia wenyewe: cholecystitis, mfuko wa nyongo umevimba. Toa "chole": cystitis, kibofu cha mkojo kimevimba. Badili mwisho weka "scopy", kuchungulia kwa kifaa: cystoscopy, daktari anachungulia ndani ya kibofu. Weka "lith", jiwe: cholelithiasis, mawe ya nyongo. Rudisha mzizi wa figo: nephrolithiasis, mawe ya figo. Vipande saba, maneno sita, na hukukaa chini kukariri hata moja.

Miisho ya kuanza nayo ni hiyo itis, ectomy na scopy, kisha "algia" ya maumivu kama kwenye neuralgia na myalgia, "megaly" ya kiungo kukua kupita kiasi kama hepatomegaly, na "plasty" ya kurekebisha umbo. Hii "oma" wengi huambiwa ni saratani au uvimbe. Mara nyingi ni uvimbe kweli, lakini haematoma ni damu iliyovuja ikajikusanya mahali, na glaucoma ni ugonjwa wa jicho. Ukimtafsiria mgonjwa haematoma kuwa saratani utamuua kwa presha.

NesiWaUsiku

Uzi mzuri huu. Naongeza pale mleta uzi alipopita haraka, maana ndipo watu wanapoumia.

Kuna ndugu watatu: "otomy", "ostomy" na "ectomy". Otomy ni kupasua na kufungua. Ectomy ni kuondoa. Ostomy ni kutengeneza tundu, mara nyingi la kutokea nje ya mwili. Kati ya colotomy na colostomy kuna herufi moja tu, s. Wa kwanza utumbo wake mpana umefunguliwa, wa pili anaamka na tundu tumboni na mfuko wa kupokea kinyesi. Hiyo s usiimeze unapoandika ripoti ya zamu.

Maneno mengine yanayofanana sura, haya nawaandikia wanafunzi ukutani:

Ilium ni mfupa wa nyonga, ule unaoushika ukiweka mikono kiunoni. Ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Tofauti ni i na e, na kwa kuzitamka hutazijua, zinasikika sawa. Ndiyo maana wanaojali husema "iliac bone" na "terminal ileum" ili msikilizaji asibahatishe.

Ureter ni mrija kutoka figo kwenda kwenye kibofu, ipo miwili. Urethra ni njia ya mkojo kutoka kibofuni kwenda nje, ni moja.

Perineal ni eneo kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Peroneal ni upande wa nje wa mguu chini ya goti. Hii imeleta kero kiasi kwamba orodha ya kimataifa ya majina ya anatomia, Terminologia Anatomica ya 1998, imelipa neno "fibular" kipaumbele mahali pa peroneal. Mkikutana na vitabu viwili vinavyotaja neva moja kwa majina mawili, sababu ni hiyo.

Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya lugha na kuongea. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa nazo zote mbili, kwa hiyo hata muktadha hautakuokoa.

Na stomatitis haihusiani na tumbo! "Stoma" kwa Kigiriki ni mdomo. Ni vidonda na uvimbe wa mdomoni. Tumbo ni gastritis. Nimeona hata kwenye maelezo yaliyochapwa watu wakichanganya.

Kisugudi

Hahaha hiyo stomatitis. Na "myel" je, Nesi? Naona osteomyelitis iko kwenye mfupa, poliomyelitis iko kwenye uti wa mgongo.

NesiWaUsiku

@Kisugudi umeuliza vizuri. "Myelos" kwa Kigiriki ni uboho, kile kilichomo ndani. Wahenga wao waliona kilichomo ndani ya mfupa na kilichomo ndani ya uti wa mgongo kama kitu kimoja, kwa hiyo mzizi mmoja ukabeba vyote viwili. Osteo ikitangulia jua ni ya mfupa. Usiichanganye na "my" ya msuli, iliyomo kwenye myositis na myocardium.

Mkalimani_Huru

Mimi si mtu wa afya, natafsiri kati ya wagonjwa na madaktari. Nawaambia ukweli, Kigiriki hakinisumbui kama Kiswahili chetu wenyewe. Watu wanadhani shida iko upande wa Kiingereza tu.

Chukueni "mkono". Kwetu mkono unaanzia begani mpaka ncha za vidole. Kiingereza kinakulazimisha uchague: hand ni kuanzia kifundo cha mkono kwenda mbele, forearm ni kati ya kiwiko na kifundo, arm ni vyote. Halafu mwana-anatomia anakuja na ubishi wake: kwake arm ni bega hadi kiwiko tu. Mguu hivyohivyo. Foot ni wayo na vidole, na kwenye anatomia leg ni goti hadi kifundo, juu ya hapo ni thigh. Kwa hiyo mgonjwa akisema "mguu umevimba", mimi situmi sentensi mbele kabla sijamwomba anyooshe kidole. Kidole nacho, ni finger au toe?

"Mshipa" ndio mfalme wa vurugu. Mshipa wa damu unaweza kuwa artery au vein. Mshipa wa fahamu ni nerve. Mtu akisema mshipa wa nyuma ya kisigino umekatika anaongelea tendon. Na mzee akikuambia kwa sauti ya chini kwamba ana mshipa, huyo mara nyingi anaongelea ngiri, yaani hernia, au korodani iliyojaa maji, hydrocele. Neno moja, magonjwa ya vitengo tofauti kabisa.

"Kiuno kinaniuma" usikitafsiri waist. Daktari mzungu atakukodolea macho. Mara nyingi mgonjwa anamaanisha lower back, na kwenye faili itaandikwa lumbar.

"Chembe cha moyo kinachoma" ni pale chini ya kidari, juu ya kitovu. Kitabibu ni epigastrium. Ukimwambia daktari "heart" umempeleka njia nyingine.

"Homa ya uti wa mgongo" ni meningitis, na hapo kinachougua ni utando unaofunika ubongo na ugwe mgongo, ile kamba ya fahamu iliyo ndani ya uti. Mifupa ya uti haina habari.

NesiWaUsiku

@Mkalimani_Huru hapo kwenye chembe cha moyo, tafsiri epigastrium kama ulivyosema, lakini usimwondolee daktari wasiwasi wa moyo. Shambulio la moyo wakati mwingine linajionyesha hukohuko, mgonjwa anasema ni kiungulia. Wewe fikisha mahali panapouma, uamuzi mwachie mwenye stethoskopu.

Mkalimani_Huru

Nimekupata, dada. Ndiyo kazi yetu hiyo, kufikisha.

jembe_halisi

Mnajichosha bure. Kigiriki cha nini karne hii? Wazungu wenyewe wanasema kneecap, collarbone, shin, tummy. Jifunzeni Kiingereza cha kawaida mtaelewana na mgonjwa yeyote. Haya mengine ni mbwembwe za madaktari ili tusiwaelewe.

Mtulinga (mleta uzi)

@jembe_halisi una hoja nusu. Ukiwa mbele ya mgonjwa, ukamwambia "your patella is fractured", umemwacha njiani. Mwambie kneecap imevunjika. Collarbone kwa clavicle, shin bone kwa tibia, breastbone kwa sternum, shoulder blade kwa scapula, womb kwa uterus, windpipe kwa trachea. Mgonjwa mwenyewe atakuambia "my tummy hurts", "I threw up", "I've been passing water a lot", na ukisubiri aseme abdomen utasubiri sana.

Lakini ukimwandikia daktari mwenzako barua ya rufaa, huwezi kuandika tummy. Angalia mtihani wa OET, ule wa Kiingereza kwa wafanyakazi wa afya. Sehemu ya kuongea ni maigizo mawili ya kama dakika tano kila moja, unaongea na mgonjwa au ndugu yake, na lugha nyepesi inakubeba. Sehemu ya kuandika ni barua, mara nyingi kwa mtaalamu mwingine, na hapo unatakiwa kuandika kitaalamu. Mtu mmoja, mtihani mmoja, anavaa kofia mbili.

Kuhusu mbwembwe, nusu ya majina yale yalikuwa ya kawaida kabisa kwa wenyewe. Patella kwa Kilatini ni kisahani. Clavicle ni kifunguo kidogo. Pelvis ni beseni. Tibia ni filimbi. Cochlea, ile iliyojiviringa ndani ya sikio, ni konokono. Msuli wa nyuma ya mguu, gastrocnemius, maana yake ni "tumbo la mguu". Wagiriki waliona tumbo, sisi tukaona shavu tukauita shavu la mguu. Nani ana mbwembwe hapo?

Kisugudi

Na yale majina ya watu? Eustachian tube, Fallopian tube, Achilles tendon. Mwalimu mmoja anayataka, mwingine anayakata kwa kalamu nyekundu.

Mtulinga (mleta uzi)

Hiyo Terminologia Anatomica aliyoitaja Nesi haitumii majina ya watu. Fallopian tube ni uterine tube, Achilles tendon ni calcaneal tendon, Eustachian ni auditory tube. Ila wodini na kwenye makala bado yanatumika kila siku, na mgonjwa ndiyo kabisa, hajawahi kusikia calcaneal. Yajue yote mawili, kwenye karatasi ya mtihani wa anatomia andika la kitaalamu. Mambo ya kalamu nyekundu yanaisha hapo.

mgeni_wa_fani

Naomba msaada wa matamshi. Naandika vizuri, nikifungua mdomo watu wanatazamana.

Mkalimani_Huru

Hapa nipo nyumbani. Kwanza herufi za kimya. Pneumonia inaanza na n, p haisemwi. Psychiatry inaanza na s. Rhinitis h haipo. "Ch" ya Kigiriki ni k: trachea ni "trakia", bronchi ni "bronkai", cholera unaijua tayari. "X" ikianza neno ni z, kwa hiyo xiphoid ni "zifoidi". "Oe" na "ae" za Uingereza ni sauti moja, oesophagus ni "isofagasi". Marekani wameziondoa hizo herufi wakaandika esophagus, anemia, hematology, kwa hiyo ukilikosa neno kwenye kamusi chini ya O, lisake chini ya E kabla hujasema halipo.

Pili mkazo, na huu ndio unaotuangusha zaidi. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu muda wote. Kiingereza mkazo unahama neno likirefuka. Ni ABdomen, lakini ni abDOMinal. Ni aNAtomy, lakini ni anaTOMical. Ukisema abdoMEni kwa mkazo wetu, msikilizaji anatafuta neno lingine kabisa. Kila unapojifunza jina la kiungo jifunze na sifa yake, uzitamke zote mbili kwa sauti, zikigongana utasikia.

jembe_halisi

Haya nimesalimu amri. Mtu anaanzia wapi kusoma sasa? Vichwani mwenu kumejaa, sisi tunaanza sifuri.

Mtulinga (mleta uzi)

Anzia kwenye mwelekeo, kabla ya kiungo chochote. Simama wima, uso mbele, mikono chini ubavuni, viganja vikitazama mbele. Huo ndio mkao wa anatomia na maelezo yote yanaanzia hapo, hata mgonjwa akiwa amelala kifudifudi. Kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama. Anterior ni mbele, posterior nyuma. Superior juu, inferior chini. Medial ni karibu na mstari wa katikati ya mwili, lateral ni mbali nao. Kwenye mikono na miguu kuna proximal, karibu na shina, na distal, mbali na shina. Bila haya utakariri mifupa yote 206 ya mtu mzima na bado hutaelewa sentensi moja ya ripoti ya eksirei.

Baada ya hapo tumia mwili wako. Nikupe mfano mmoja ufanye sasa hivi. Geuza uso kushoto kwa nguvu kidogo, shika upande wa kulia wa shingo. Kuna msuli umesimama kama kamba, unatoka nyuma ya sikio unashuka mbele mpaka juu ya kidari. Unaitwa sternocleidomastoid. Jina refu, lakini fuata kwa kidole: chini umeshika kwenye sternum, ambayo ni kidari, na kwenye "cleido", ambayo kwa Kigiriki ni mtulinga, yaani collarbone. Juu umeshika kwenye mastoid, lile nundu la mfupa nyuma ya sikio. Jina limekutajia pointi zote unakoshikilia. Na mastoid maana yake ni "yenye umbo la titi", mzizi uleule wa mastitis na mastectomy. Kwa kidole kimoja shingoni umepata mfupa, kiungo, ugonjwa na upasuaji.

Misuli mingi imepewa majina kwa namna hiyo: unakoshika, umbo, idadi ya vichwa, kazi. Biceps vichwa viwili, triceps vitatu, quadriceps vinne.

Kadi za maswali za kwenye simu ni nzuri, mimi nazikubali, ila upande wa swali weka picha au sentensi ya mgonjwa. Ukiweka neno la Kiswahili peke yake unarudi kulekule kwa figo ni kidney.

mgeni_wa_fani

Nimegeuza shingo mpaka mwenzangu ameniuliza kama naumwa 😂 Msuli nimeushika. Swali la mwisho: wingi. Vertebra, vertebrae, bronchus, bronchi, phalanx, phalanges. Kuna kanuni au ni bahati nasibu?

NesiWaUsiku

Kanuni ipo. Mwisho wa -a unakuwa -ae, vertebra na vertebrae. -us mara nyingi inakuwa -i, bronchus na bronchi, lakini viscus wingi wake ni viscera na corpus ni corpora. -um inakuwa -a, septum na septa. -is inakuwa -es, diagnosis na diagnoses. -on ya Kigiriki inakuwa -a, ganglion na ganglia. -nx inakuwa -nges, phalanx na phalanges, larynx na larynges. -en kama foramen inakuwa foramina. Biceps haina umoja wa "bicep" kwenye kitabu, ni biceps hata ukiwa na mmoja.

Phalanges zenyewe ni 14 kila mkono, maana kila kidole kina tatu isipokuwa gumba lenye mbili. Mguuni ni vilevile, kidole gumba mbili na vingine tatu tatu, ingawa wapo watu ambao kidole cha mwisho cha mguu kina mbili tu, zilizoungana. Ukiiona kwenye picha ya mgonjwa usiandike kwamba kimevunjika.